Sura ya Sita: Mlango wa Uani

Ukiingia Pangani kwa jahazi, mji unakupokea kwa uso wake. Unaliona Boma, unaiona forodha ya zamani, unaona safu ya nyumba zilizougeukia mto na watu waliokaa ukutani wakikutazama kama unavyowatazama. Ukiingia kwa basi la Tanga, unapita mashamba ya mkonge na minazi, kisha migongo ya nyumba, kamba za kuanikia nguo, jalala, gereji, halafu unashushwa stendi hujui mto uko kushoto au kulia. Mji ni ule ule. Wa jahazi amepitia barazani, wa basi amepitia uani.

Mimi ni mtoto wa mji huo, na kwa miaka mingi niliamini habari hii ya baraza na uani ni yetu sisi watu wa pwani. Treni za Ulaya zimenifundisha vingine. Sifa yao kubwa ni kwamba hukushusha katikati ya mji, na sifa hiyo ni ya haki: ndege hukuacha mashambani, ukatafute mwenyewe njia ya kuingilia. Lakini reli ilipoanza kuifikia miji ya Ulaya katika karne ya 19, miji hiyo ilikuwa imeshajengwa, imeshachagua inatazama wapi. Treni ikapitishwa palipokuwa na nafasi: kwenye mahandaki ya ngome zilizovunjwa, kando ya maghala, nyuma ya viwanda. Ndiyo maana abiria wa treni huziona fulana za mwenyeji zikikauka kabla hajamwona mwenyeji mwenyewe.

Kutokana na hilo nimejiwekea kanuni. Siku ya kwanza katika mji mgeni sipandi chombo chochote. Nashuka, naweka mzigo, naanza kwenda kwa miguu kulitafuta baraza. Sura hii ni ya siku mbili nilizoitumia kanuni hiyo Hamburg, mji wa pili kwa ukubwa Ujerumani. Nimeuchagua kwa kuwa ni bandari, na bandari haifichi inatazama wapi. Na uani kwake nilivikuta vitu ambavyo mtu wa pwani yetu hawezi kuvipita bila kusimama.

Kuingia

Nilitokea Hannover, safari ya saa moja na robo hivi kwa treni ya kasi. Muda mwingi nje hakuna la kutazama ila nchi tambarare na misonobari. Likitangazwa jina la Harburg, amka, hamia dirisha la kushoto.

Hapo treni inavuka mkono wa kusini wa mto Elbe, inakata kisiwa cha Wilhelmsburg, inafika Veddel, kisha inavuka mkono wa kaskazini. Kwa dakika kumi hivi unaonyeshwa mali yote ya mwenye nyumba ilivyorundikwa nyuma: makontena, kreni, yadi za reli, mabehewa yasiyo na kichwa. Veddel penyewe ni mtaa mdogo unaopitwa upesi, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya meli ya HAPAG, chini ya Albert Ballin, ilijenga hapo mabweni ya kuwapokea wahamiaji waliosubiri meli za Marekani. Kati ya miaka ya 1850 na 1939 watu wapatao milioni 5 waliondokea Hamburg kwenda ng'ambo. Wengi wao walifika kwa treni, wakiwa na kila walichobakiwa nacho ndani ya furushi.

Kuna mgeni mmoja aliyeingia mji huu mwaka 1867, kabla ya madaraja haya. Wakati huo reli ya kutoka kusini iliishia Harburg, na abiria alilazimika kuuvuka mto kwa chombo. Daraja la reli lilifunguliwa mwaka 1872. Mgeni huyo alikuwa Bi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar. Tutaonana naye mwishoni mwa sura.

Stesheni Kuu ilifunguliwa mwaka 1906, na reli zake ziko chini ya usawa wa barabara, ndani ya bonde la ngome za zamani za mji. Juu yako kuna paa la chuma na kioo lenye upana wa mita 73 na kimo cha mita 37. Chini yake hupita takriban watu nusu milioni kwa siku, na karibu wote wana haraka kuliko wewe. Usishindane nao. Sogea pembeni, uegemee nguzo, uache umati upungue. Mgeni hukosea zaidi katika dakika tano za mwanzo, anapoufuata mkumbo wa watu ambao hajui waendako.

Kisha tafuta makabati ya kuhifadhia mizigo. Yanakula sarafu, kwa hiyo ziweke mfukoni mapema. Mtu mwenye sanduku hatembei mjini, anahamisha sanduku, na kila ngazi na kila jiwe la barabara humkumbusha hivyo. Mimi hubaki na mfuko mmoja wenye maji, koti la mvua na ramani ya karatasi. Hamburg mvua haina msimu.

Kazi ya mwisho ni kuchagua mlango. Stesheni hii ina pande mbili: upande wa Kirchenallee unakutoa mtaa wa St. Georg, na upande wa Mönckebergstraße unakutoa mjini. Wengi hutoka palipo karibu na behewa lao, wakapoteza nusu saa. Panda ngazi za upande wa kusini, geuka magharibi, fuata Mönckebergstraße.

Uani kwa halmashauri

Hatua zangu za kwanza ziliniletea aibu. Nilikuwa nimeinua kichwa nikiangalia kengele za kanisa, nikasikia kengele nyingine nyuma yangu, karibu sana. Nilikuwa katikati ya njia ya baiskeli. Ni ule ukanda mwekundu kando ya njia ya wapita njia, na kwa wenyeji una heshima ya reli: ukisimama juu yake wewe ndiye mkosaji, na utaambiwa. Somo la pili lilikuwa taa za kuvukia. Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari mbele wala nyuma, na watu kumi walisimama wakimsubiri yule mtu mwekundu ageuke kijani. Nilisimama nao. Kuna mtoto alikuwa ananitazama, na katika nchi hiyo kuvuka taa nyekundu mbele ya mtoto huhesabiwa ni malezi mabaya.

Mönckebergstraße ni barabara pana ya maduka, na huwezi kudhani kwamba ina umri wa miaka zaidi kidogo ya mia moja tu. Ilikatwa mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia mitaa ya vichochoro ambamo maskini wa mji waliishi wamebanana. Kanisa la St. Petri, katikati ya njia, ni la zamani zaidi. Mlangoni kwake kuna kitasa cha shaba chenye kichwa cha simba, cha mwaka 1342. Kimelainishwa na mikono ya karne karibu saba, na hakuna anayekukataza kuongeza wako.

Mwisho wa barabara ni Rathaus, jumba la halmashauri: vyumba 647, mnara wa mita 112, kazi ya miaka 11 iliyokamilika mwaka 1897. Watalii hupiga picha mbele yake, wakaondoka. Wewe ingia langoni, upite hadi ua wa nyuma.

Huko kuna chemchemi, na juu yake amesimama Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki wa kale, amemkanyaga joka. Joka hilo ni kipindupindu. Mwaka 1892 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 8,000 wa Hamburg katika miezi michache. Mji ulikuwa tajiri, una meli na mabenki, lakini maji yake ya kunywa uliyachota Elbe na kuyapeleka majumbani bila kuyachuja. Mji wa jirani, Altona, ambao siku hizi ni sehemu ya Hamburg, nao ulikunywa maji ya Elbe, lakini uliyapitisha kwanza kwenye matabaka ya mchanga. Kwenye mpaka wa miji hiyo miwili nyumba zilizotazamana ziligawanywa na ugonjwa kana kwamba kuna ukuta: upande mmoja misiba, upande wa pili uzima. Daktari Robert Koch, aliyetumwa na serikali kuja kuchunguza, hakuhitaji ushahidi mwingine. Baada ya hapo mji ukajenga mitambo ya kuchuja maji na kuvunja vichochoro. Barabara niliyotoka kuipita ilizaliwa na msiba ule.

Nilikaa pale pembezoni mwa chemchemi nikila mkate. Mwenye nyumba hamwonyeshi mgeni kaburi la familia siku ya kwanza, lakini mgeni akipitia uani atalikuta.

Jumba lenye tembo

Dakika chache kutoka hapo, katika Große Reichenstraße, kuna jengo ambalo mtu anaweza kulipita kwa kuwa limebanwa na mengine. Linaitwa Afrikahaus. Lilijengwa mwaka 1899 na kampuni ya C. Woermann, wenye meli na biashara ya Afrika Magharibi. Mlangoni amesimama shujaa wa Kiafrika wa shaba, ana mkuki na ngao, analinda ofisi. Ukiingia hadi ua wa ndani, unakuta tembo wawili. Hakuna kiingilio. Ni nyumba ya ofisi hadi leo, na wafanyakazi hupita baina ya tembo hao wakiwa na vikombe vya kahawa.

Nilimtazama yule shujaa kwa muda. Hana jina, na silaha zake hazikuwahi kumlinda yeye mwenyewe. Kampuni ilimweka pale kama mwenye duka la viatu anavyotundika kiatu: hii ndiyo bidhaa yetu.

Pwani yetu pia ilikuwa kwenye daftari za mji huu. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua duka Zanzibar mwaka 1849, na faida yake kubwa ya mwanzo ilitoka kwenye kauri, yale makombe madogo ambayo watoto wetu huchezea bao. Waliyanunua kwetu kwa bei ndogo, wakayapakia melini, wakazunguka bara zima hadi Afrika Magharibi ambako yalitumika kama fedha. Mwaka 1859 Zanzibar ilitia saini mkataba wa biashara na miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck, na mmoja wa wana wa nyumba ya O'Swald ndiye aliyeujadili. Kampuni ya pili, Hansing, ilikuwa na wakala wake Unguja, kijana aliyeitwa Heinrich Ruete. Jina hilo nalo liweke.

Kutoka hapo, mnara mweusi usio na kanisa ndio unaokuongoza. Ni mabaki ya St. Nikolai, kimo cha mita 147. Lilichorwa na msanifu Mwingereza, George Gilbert Scott, na mnara wake ulipokamilika mwaka 1874 ulikuwa mrefu kuliko jengo lolote duniani kwa miaka miwili. Mwishoni mwa Julai 1943 marubani wa Uingereza waliutumia mnara huo kulenga shabaha. Mabomu yaliwasha dhoruba ya moto, na watu zaidi ya 30,000 wakafa katika siku chache. Kanisa liliungua, mnara ukabaki. Vita hivyo walivianza Wajerumani, na ukumbusho uliomo chini ya magofu hauwafichi wageni jambo hilo.

Maghala yenye nyuso mbili

Shuka Deichstraße, mtaa ulikoanzia moto mkubwa wa Mei 1842, ambao kwa siku nne uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa kale. Kwa ajabu ya mambo, baadhi ya nyumba za mtaa wenyewe zilisalimika. Tazama zilivyojengwa: mbele ni sebule na ofisi kuelekea barabarani, nyuma ni ghala kuelekea mfereji, na mzigo ulivutwa kutoka mashuani kwa kapi moja kwa moja hadi dari ya juu. Mfanyabiashara aliishi, aliuza na kuhifadhi chini ya paa moja, kama wenye nyumba za Mji Mkongwe walivyoweka duka chini na familia juu.

Vuka Mfereji wa Forodha. Umeingia Speicherstadt, mji wa maghala.

Hapa ndipo ninapomshauri kila mtu apunguze mwendo. Ujenzi ulianza mwaka 1883, na bandari huru ikafunguliwa mwaka 1888: bidhaa ziliweza kushushwa, kuchambuliwa na kusafirishwa tena bila kulipiwa ushuru. Ili kupata nafasi, mji uliwahamisha watu wapatao 20,000 waliokuwa wakiishi pale. Wakajenga safu za matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, na chini yake wakazipigilia ardhini nguzo za miti kwa maelfu, maana ardhi ni tope tupu. Mtu wa kwetu anayejua kazi ya boriti ataelewa: nchi laini haijengewi kwa mawe peke yake. Hata Rathaus imesimama juu ya nguzo za mwaloni zipatazo 4,000.

Kila ghala lina nyuso mbili, mmoja barabarani na mwingine majini, na juu kabisa ya kila uso kuna kapi. Kahawa, chai, kakao, viungo, mazulia ya Uajemi, vyote vilipanda kwa kamba hizo. Leo mizigo inakwenda kwa makontena upande wa pili wa mto, na ndani ya maghala kuna ofisi, makumbusho na baadhi ya wafanyabiashara wa mazulia waliobaki. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza mtaa huu katika urithi wa dunia. Kuna makumbusho madogo ya viungo kwenye Sandtorkai. Nilipanda ngazi zake, na kabla sijafika mlangoni pua ilikwishanitangulia. Sikuwa na haja ya maelezo ukutani. Harufu ile niliijua tangu utotoni, ya gunia la karafuu lililofunguliwa.

Simama juu ya daraja lolote hapo uangalie maji. Bahari iko mbali, karibu kilomita mia, lakini maji ya Hamburg yanajaa na kupwa kama ya Pangani, kwa tofauti ya zaidi ya mita 3. Saa ya maji kupwa, mifereji inabaki tope na nguzo zinaonyesha meno yake. Yakijaa, mji unarudishiwa uzuri wake. Waliofanya kazi hapa waliishi kwa saa mbili, ya mnarani na ya maji, na usiku wa Februari 16 kuamkia 17, mwaka 1962, saa ya maji iliwasaliti: dhoruba ikaisukuma bahari hadi mjini, kuta za kuzuia mafuriko zikapasuka, na watu 315 wakafa Hamburg peke yake. Mtaa mpya wa HafenCity, unaopakana na maghala haya, umejengwa juu ya ardhi iliyoinuliwa kwa sababu hiyo.

Ndani ya HafenCity kuna bustani iitwayo Lohsepark, na ndani ya bustani kuna kipande cha jukwaa la stesheni ya zamani. Kutokea hapo, kati ya mwaka 1940 na 1945, Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 walipakiwa kwenye treni na kupelekwa maghetoni na kwenye kambi za mauaji. Nilisema treni huingiza watu uani. Huko huko uani ndiko ilikowatolea watu hawa.

Barazani

Kwenye ncha ya maghala limesimama jumba la muziki la Elbphilharmonie, paa lake kama tanga lililoshika upepo. Chini ni ghala la matofali lililokuwa la kakao, chai na tumbaku. Juu ni kioo. Lilifunguliwa Januari 2017 baada ya gharama kupanda hadi euro milioni 866, na wenyeji watakusimulia habari ya gharama hiyo kabla ya kukusimulia habari ya muziki. Ngazi ndefu ya umeme inakupandisha hadi uwanda wa wazi ulio mita 37 juu, unaozunguka jengo zima. Upepo ni mkali. Mto unauona wote.

Nilidhani nimefika barazani. Nikashuka, nikafuata ukingo wa mto kuelekea magharibi hadi Landungsbrücken, gati refu linaloelea ambako vivuko hufunga. Nikanunua mkate wenye samaki wa siki na vitunguu, nikamwambia muuzaji “Moin”, salamu ya huko isiyojali asubuhi wala jioni, naye akaniitikia “Moin” bila kuinua macho. Nikala nimeegemea ukuta. Samaki alikuwa mbichi, amekolea chumvi. Ndimu ingemfaa.

Hapo nikagundua kosa langu. Nilikuwa nimekaa barazani, kweli, lakini aliyekaa barazani haioni nyumba. Kule kwetu, anayetaka kuiona Pangani sharti apande pantoni, avuke hadi Bweni, ageuke. Hapa Bweni iko wapi?

Iko Steinwerder, na njia ya kwenda inapita chini ya mto. Handaki la Elbe lilifunguliwa mwaka 1911 kwa ajili ya wafanyakazi waliokwenda kwenye karakana za meli upande wa pili. Unaingia jengo la kuba kando ya gati, unashuka mita 24 kwa ngazi au kwa lifti kubwa za zamani zilizotengenezwa kupokea hata magari ya kukokotwa. Chini ni bomba refu la mita 426, kuta zake za vigae vyeupe, na hapa na pale kimechongwa kigae chenye samaki, kaa, au panya waliozunguka kiatu kikuukuu. Watembea kwa miguu hawalipi kitu. Hatua zako zinakuita kwa mwangwi. Meli inapita juu ya kichwa chako na hujui.

Nikapanda upande wa pili, nikaenda mpaka ukingoni, nikageuka.

Mji wote ulikuwa umekaa ukinitazama. Minara ya makanisa kwa safu, St. Michaelis mbele yao. Gati na vivuko vyake miguuni. Maghala mekundu kulia na lile tanga la kioo mwisho wake. Kila nilichokipita tangu asubuhi kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya macho ya mtu ajaye kwa maji. Kutoka stesheni hadi pale si mwendo mrefu, kilomita tano hivi ukienda moja kwa moja. Mimi ulinichukua saa saba.

Siku ya pili

Kanuni yangu inaruhusu treni siku ya pili. Nilishuka Dammtor, stesheni ndogo nzuri ya mwaka 1903, mbele ya jengo kuu la chuo kikuu lililofunguliwa mwaka 1911. Wakati huo chuo kikuu hakikuwepo. Jengo lilitumiwa na Taasisi ya Kikoloni, iliyoanzishwa mwaka 1908, na katika masomo yake kilikuwemo Kiswahili. Kijana aliyekuja kututawala alianzia hapa kujifunza kusema “njoo” na “nenda”.

Kando ya jengo hilo, kuanzia mwaka 1922, ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann. Ilitengenezewa Dar es Salaam, ikazinduliwa huko mwaka 1909, na Wajerumani waliposhindwa vitani ikarudi nyumbani. Wissmann juu, chini yake askari wa Kiafrika akimtazama, na simba amelala amekufa. Pangani jina hilo halihitaji utambulisho. Desemba 1889, kwa amri yake, Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa mjini kwetu. Wanafunzi wa Hamburg waliifunga sanamu kamba wakaiangusha mwaka 1967. Ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena mwaka 1968, na haikurudi. Nilipotafuta mahali ilipokuwa nilikuta nyasi na baiskeli zilizofungwa kwa minyororo. Nilisimama hapo kidogo, kwa niaba ya mtu fulani.

Halafu nikalizunguka ziwa la Alster hadi mtaa wa Uhlenhorst, ambako Bi Salme aliishi. Yule kijana wa Hansing, Heinrich Ruete, alikuwa jirani yake Unguja. Mwaka 1866, akiwa na mimba yake, Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa kwa jina la Emily, wakaoana, wakaja huku. Ndani ya nyumba hiyo ya ng'ambo alizungumza na mumewe Kiswahili. Mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu na mji usiokuwa wake. Kitabu cha maisha yake alikichapisha mwaka 1886, na ndani yake aliutetea utumwa wa nyumbani kwao. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa mtaa huo ulipewa jina lake. Haukupita muda, watu wakakisoma kitabu upya, na jina likaamuliwa kuondolewa.

Kaburi lake liko Ohlsdorf, makaburi makubwa kama mji, yenye miti, maziwa na mabasi yanayopita ndani yake. Alifariki Jena mwaka 1924 na kuletwa kuzikwa pamoja na mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, nao ukazikwa naye.

Nililipata baada ya kuuliza mara mbili. Hapo nikakwama kwenye jambo dogo: nimsalimie vipi? Kwa umri wake ilinipasa kumwamkia shikamoo. Lakini shikamoo, wazee husema, ni kushika miguu, na wapo wasemao lilianza kwa watumwa mbele ya mabwana zao. Mbele ya binti Sayyid, mimi nisiyejua babu wa babu yangu alisimama upande gani wa nyumba ile, neno likanigandia mdomoni. Kuondoka kimya nako hakukuwa adabu. Miaka mingapi imepita tangu asikie mtu akimsemesha kwa lugha ya kwao?

Nikafanya afanyavyo mtu wa pwani akifika kwa mtu, awe amepitia barazani au uani. Nikasimama hatua tatu nyuma, nikapiga hodi.